Kufundisha Kiingereza Thailand: Kwa Mwalimu Anayetoka Afrika Mashariki

Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania na ukataka kwenda kufundisha Kiingereza Korea Kusini, mlango umefungwa kabla hujabisha hodi. Viza ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7 tu: Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Haijalishi kwamba umesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, wala kwamba shahada yako ni ya fasihi ya lugha hiyohiyo. Thailand mambo ni tofauti. Huko utaulizwa una shahada gani na unaweza kuonyesha vipi kwamba Kiingereza unakijua. Ndiyo maana siku hizi utawakuta Wakenya, Waganda na hata Watanzania wakifundisha Bangkok na katika miji ya kaskazini mashariki kama Khon Kaen na Udon Thani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefikiria kuwafuata. Kazi ni ngumu na sitakupambia maneno. Lakini naamini kwa dhati kwamba mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, akakirudia usiku kwa mwanga hafifu na akatokwa jasho kukizoea, anaweza kumpa mtoto wa Kithai kitu ambacho mzaliwa wa London hana. Sharti ajue kitu hicho ni nini, na afike akiwa na karatasi zake sawasawa.

Karatasi kwanza

Usipande ndege bila mkataba uliosainiwa na viza ya kazi. Viza yenyewe inaitwa Non-Immigrant B. Maombi hufanywa mtandaoni, na kwa eneo letu ubalozi wa kuangalia ni ule wa Thailand ulioko Nairobi. Shule inayokuajiri ndiyo inayotoa barua za kuombea. Ikikuambia, "Njoo kwanza kama mtalii, mengine tutayamaliza ukifika," fahamu kwamba hatari yote umebebeshwa wewe. Mgeni anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya baht 5,000 na 50,000, kisha hurudishwa kwao. Wapo waliopita njia hiyo wakasalimika, na hao ndio utakaowasikia wakisimulia.

Andaa kila kitu ukiwa nyumbani: shahada halisi, matokeo ya masomo yote ya chuo, na hati ya polisi ya mwenendo mwema, ambayo kwa Mkenya hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai, DCI. Ongeza barua ya chuo chako inayosema wazi kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu ofisa wa Thailand hana sababu ya kujua kwamba sekondari ya Tanzania husomeshwa kwa lugha hiyo. Fanya pia mtihani wa TOEIC au IELTS. Najua inauma kulipia mtihani wa lugha uliyoisoma maisha yako yote, lakini cheti hicho kitafupisha mabishano mengi. Ukishafika huko, kufuatilia muhuri mmoja uliosahaulika Dar es Salaam au Kampala kunaweza kukuharibia muhula mzima.

Ukifika utakutana na mamlaka tatu, na ni vizuri usizichanganye. Baraza la walimu, Khurusapha, hutoa kibali cha muda cha kufundisha kwa asiye na leseni ya ualimu, na kibali hicho hudumu miaka 2. Wizara ya Kazi hutoa kibali cha kazi, ambacho kinataja jina la mwajiri. Ukihama shule, nacho kinakoma. Idara ya Uhamiaji ndiyo inayokuongezea muda wa kukaa. Kila siku 90 unatakiwa kuripoti anwani yako kwao, na ukichelewa unalipa baht 2,000. Ukipitisha muda wa viza ni baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia 20,000. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuwaarifu ndani ya saa 24 kwamba umehamia kwake, kwa hiyo mwulize kuhusu fomu ya TM.30 kabla hujalipa kodi ya kwanza.

Jambo moja huwaponza wengi wakati wa misiba. Ukitoka nchini bila kukata kwanza kibali cha kurudi, viza yako inakufa palepale uwanja wa ndege. Kibali cha kurudi mara moja ni baht 1,000. Simu ya msiba ikija usiku, jambo hili utalisahau, kwa hiyo liweke akilini tangu leo.

Mkataba usome hadi mwisho. Mwaka wa shule huanza katikati ya Mei na kwisha mwezi Machi, na kati ya mihula miwili kuna likizo ya Oktoba. Mawakala wengi huwapa walimu mkataba wa miezi 10, maana yake Aprili unakula akiba yako. Uliza waziwazi: Oktoba nalipwa? Nani analipia kibali? Vipindi vingapi kwa wiki? Tarehe nazo ziangalie vizuri, kwa sababu Wathai huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, inayotangulia yetu kwa miaka 543. Mkataba ulioandikwa 2568 ni wa mwaka 2025.

Mae Sot si kituo cha walimu waliopotea njia

Hapa nakuomba usome polepole. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi za Thailand zenye mshahara mnono. Watu wanapokelewa vizuri Bangkok, wanapakiwa kwenye gari kuelekea mji wa Mae Sot mpakani, wanavushwa mto Moei, na wanajikuta Myanmar ndani ya majengo yenye walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Mwezi Agosti 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa Myanmar katika kazi za namna hiyo. Maelfu waliotolewa Myawaddy, ng'ambo ya mto huo, mwanzoni mwa 2025 walikuwa na Waafrika Mashariki ndani yao.

Mwalimu ana kinga moja ambayo mwombaji wa kazi za kompyuta hana: shule haijifichi. Ina jina la Kithai, geti, walimu wengine, na picha za sherehe kwenye ukurasa wake. Piga simu shuleni kwenyewe, si kwa wakala. Omba kuzungumza kwa video na mwalimu mgeni aliyeko pale sasa. Shule halisi itataka kukuona ukifundisha, hata dakika 10 kupitia skrini. Mtu anayekupa kazi ya ualimu bila kukuuliza swali hata moja la ualimu hatafuti mwalimu. Na ukishafika, gari likielekea mahali ambapo hapajaandikwa kwenye mkataba wako, shuka penye watu, mapema.

Wanafunzi hamsini walionyamaza

Siku ya kwanza utaingia darasani, kiongozi wa darasa atatoa amri, wote watasimama na kusema kwa sauti moja ndefu, "Good morning, teacher." Utawauliza hali zao na watajibu, wote pamoja, kwamba hawajambo, ahsante, je wewe? Ukiwa umesoma shule ya msingi Singida au Kakamega wimbo huo unaujua. Kisha utauliza swali la pili, ambalo halimo kwenye wimbo, na darasa litanyamaza.

Ukimya huo una mizizi kadhaa. Mtoto anaogopa kukosea mbele ya wenzake. Anaona si adabu kujitokeza kuliko wengine. Zaidi ya hapo, anaona kumwambia mwalimu "sijaelewa" ni kama kumwambia hujafundisha vizuri. Kwa hiyo swali la "mmeelewa?" lifute kabisa. Watajibu ndiyo, kwa heshima, na utaondoka bila kujua lolote. Waambie wakuonyeshe: wanyooshe kidole kimoja kwa jibu la kwanza na viwili kwa la pili, wachore, wapange kadi, wasimame upande wa kushoto au kulia wa chumba. Mwili hujibu kabla ya mdomo.

Kuitikia kwa pamoja tunakujua vizuri, na usione haya kukutumia. Darasa zima, kisha safu kwa safu, kisha wawiliwawili, na mwisho kabisa mtu mmoja, tena yule ambaye umeshamsikia akisema vizuri alipokuwa na mwenzake. Kosa la walimu wengi waliotoka kwetu ni kuishia hatua ya kwanza. Sauti hamsini zikipiga kelele pamoja zinafurahisha sikio, lakini kumi kati yake ndizo zinazosema na arobaini zinafuata upepo. Kosa la walimu wengi kutoka Ulaya ni kurukia hatua ya mwisho na kumnyooshea kidole mtoto mmoja, ambaye atainamisha kichwa hadi kengele ilie.

Mwalimu mgeni mara nyingi hupewa mazungumzo tu, kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa. Hesabu mwenyewe: madarasa 16 yenye watoto 40 ni wanafunzi 640. Majina yao rasmi ni marefu, lakini karibu kila mmoja ana jina fupi la nyumbani, na mengine yatakushangaza: Ice, Bank, Ball, Mint. Chora ramani ya viti kwa kila darasa, iweke mezani, na mwite mtoto kwa jina lake hilo fupi. Sijui mbinu nyingine yenye faida kubwa kwa kazi ndogo kiasi hicho.

Somo la mara moja kwa wiki halistahimili mada inayoendelea wiki tatu. Panga kila kipindi kiwe na mwanzo na mwisho wake, chenye jambo moja ambalo mtoto atatoka nalo mdomoni. Na uwe na somo la akiba lisilohitaji umeme wala karatasi, kwa sababu siku projekta inapokufa hakuna atakayekuja kuitengeneza dakika hiyo.

Kuhusu fimbo, iache kabisa. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001, Tanzania bado inairuhusu kwa masharti, na wengi wetu tumelelewa nayo kiasi kwamba mkono hunyanyuka kabla ya akili. Kanuni za Wizara ya Elimu ya Thailand za mwaka 2005 zinataja adhabu nne tu: kuonya, kumweka mwanafunzi chini ya uangalizi, kumkata alama za mwenendo, na kumpa shughuli ya kumrekebisha. Utamwona labda mwalimu mzee mwenyeji akishika rula. Hilo ni lake. Wewe ni mgeni mwenye kibali cha muda. Kupiga kelele nako hakusaidii, kwa sababu mwalimu anayekasirika hadharani amejivunjia heshima mwenyewe, na watoto watatabasamu kwa aibu, nawe utadhani wanakucheka. Simama, nyamaza, ngoja. Baadaye mwite mhusika pembeni.

Matamshi: hapa ndipo penye utajiri wako

Kithai kina tabia ya kuziba mwisho wa silabi. Konsonanti zinazoruhusiwa pale ni chache: p, t na k ambazo hufungwa mdomoni bila kuachiliwa, pamoja na m, n na ng. S inayokuja mwishoni hugeuka t au hupotea, na l hugeuka n. Ndiyo sababu football husikika futbon, school husikika sakun, na maneno rice, right, ride na rise hutoka kinywani yakikaribia kuwa neno moja. Mtoto si mvivu. Tangu azaliwe, sikio lake halijahitaji kusikia tofauti hiyo.

Sasa tuangalie kwetu. Kiswahili nacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti ngumu, lakini tiba yetu ni nyingine: tunaongeza irabu. Tukapata basi, benki, tikiti. Mthai hukata mkia wa neno, sisi tunaurefusha. Mzaliwa wa Manchester hajawahi kukimbia konsonanti ya mwisho kwa njia yoyote, kwa hiyo haoni tatizo liko wapi. Atarudia rice, rice, rice, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Wewe unazo hatua za kati. Mwambie mwanafunzi aseme raisi, irabu ikiwa wazi kabisa. Hiyo ataweza, kwa sababu s sasa imekuwa mwanzo wa silabi na Kithai kinaikubali. Airudie, akiifupisha irabu kila mara, hadi abaki na pumzi tu, halafu na s peke yake. Baada ya hapo weka neno linaloanza kwa irabu mbele yake: rice is hot. Konsonanti inaegemea irabu inayofuata na haipotei. Ukifika hapo kila wiki kwa dakika tano, mwisho wa muhula utasikia tofauti.

Mwanzoni mwa neno hali hugeuka. Wathai huingiza irabu fupi kati ya s na konsonanti inayofuata, na stop ikawa satop. Waache wavute s ndefu, kama tairi linalotoa upepo, kisha wagonge t bila kufungua mdomo katikati.

Kuna upande mwingine, na nakuomba uupokee kwa uzito. Kiswahili kina irabu tano. Kithai kina tisa, na kila moja ina fupi na ndefu yake. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la pili la sekondari anasikia tofauti ya ship na sheep au full na fool kwa urahisi, wakati wengi wetu tunayatamka mamoja. Utakapofundisha irabu, sikio la mwanafunzi linaweza kuwa kali kuliko ulimi wako. Kadhalika r na l: Wathai huzichanganya katika mazungumzo ya kila siku, na kwetu wapo pia, kwa kutegemea lugha ya mama. Jirekodi ukisoma orodha ya maneno hayo na usikilize siku inayofuata. Fanya kazi hiyo miezi mitatu kabla ya safari. Lafudhi yako ya Mombasa au Mwanza ibaki, haina kosa lolote. Ninachosema ni tofauti zinazobadili maana ya neno.

Mkazo nao uwe na dakika zake. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, Wathai huelekea kukaza ya mwisho, na Kiingereza hakina utaratibu unaotabirika. Kila neno jipya unaloandika ubaoni liwekee nukta kubwa juu ya silabi yenye mkazo, na wapige makofi hapo.

Sarufi mliyojifunza wote kwa taabu

Kitenzi cha Kithai hakibadiliki kwa wakati. Neno la jana au la kesho likishatajwa, kazi imekwisha. Kwa hiyo utasikia yesterday I go mara mia. Hapa usidhani ugumu wao ni kama wako: wewe umezaliwa na -li-, -na- na -ta- ndani ya kila kitenzi, na dhana ya kukitia kitenzi alama ya wakati haikuwa ngeni kwako. Kwao ni ngeni. Anza na wazo lenyewe kabla ya orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Chora mstari wa siku ubaoni, weka jana na leo, na kitenzi kibadilike kila unapovuka mstari.

Kwenye a na the mko sawa kabisa. Lugha zenu zote mbili hazina vitu hivyo. Kumbuka wewe uliyashikaje, kwa kanuni gani na kwa mifano ipi, kisha wape njia hiyohiyo. He na she vilevile: Kiswahili kina "yeye" mmoja, na Kithai kina neno moja linalotumika kwa wote wawili. Darasa litasema my mother he is a nurse, na utajua mara moja kilichotokea.

Saa ni zawadi ambayo sijaona mwongozo wowote ukiitaja. Katika mazungumzo, Wathai huhesabu saa za usiku kuanzia saa moja jioni, kama sisi. Saa tatu usiku kwao pia ni ya tatu. Mwanafunzi akikuandikia three o'clock akimaanisha wakati wa kulala, mwalimu kutoka Toronto ataona kosa la ajabu. Wewe mchoree saa mbili ubaoni, ya kwenu na ya Kiingereza, umwonyeshe jinsi unavyoruka saa sita, kama ulivyofundishwa.

Mitihani itakusumbua kwa namna nyingine. Alama huanzia 0 hadi 4, na mwanafunzi aliyepata 0 anatakiwa kurekebishwa hadi apite, kazi ambayo itakuangukia wewe. Kukasirika hakutakusaidia. Ndivyo mfumo ulivyo. Panga tangu mwanzo kazi ndogondogo za mdomo zenye alama, ili mtoto dhaifu awe ameshajikusanyia kitu kabla ya mtihani. Marudio yatapungua, nawe utakuwa umempima kwa haki.

Rangi, lafudhi na mshahara

Utakutana na matangazo yanayotaka wazawa wa Kiingereza tu, na mengine yasiyosema hivyo lakini yanayomaanisha mtu mweupe. Utakutana na mzazi atakayemwuliza mkuu wa shule kwa nini mwalimu wa mwanawe anatoka Afrika. Na unaweza kugundua kwamba mwenzako wa chumba kilekile cha walimu, mwenye shahada isiyohusiana na ualimu, analipwa zaidi yako. Mambo haya ni dhuluma, na sitaki uyaite kwa jina laini.

Unachoweza kufanya ni kuchagua uwanja. Omba kufundisha somo la mfano badala ya kutuma picha na wasifu peke yake. Shule za mikoani, ambako walimu wageni ni wachache, mara nyingi hutazama kazi kabla ya uso. Mwalimu mwenyeji anayesimamia idara ya Kiingereza ndiye atakayekutetea kwa mzazi, kwa hiyo mpe kitu cha kutetea: waalike wazazi siku moja kusikiliza watoto wao wakizungumza. Kuhusu mshahara, jadili kabla ya kusaini, ukiwa na cheti chako cha mtihani mkononi. Ukishasaini, msimamo wako ni dhaifu hadi mkataba ujao.

Adabu ya mahali

Wathai husalimia kwa kuunganisha viganja na kuinama kidogo. Mdogo huanza, mkubwa hupokea. Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hahitaji somo refu: wasalimie wewe kwanza mkuu wa shule na walimu wakubwa, na watoto wakikusalimia, tabasamu na uitikie kwa kichwa. Usiguse kichwa cha mtoto hata kwa upendo. Usielekeze nyayo za miguu kwa mtu. Saa mbili asubuhi wimbo wa taifa unapopigwa na bendera kupandishwa, simama popote ulipo. Kuhusu mfalme na familia yake, usitanie, usihoji, usitoe maoni darasani wala kwenye simu yako. Kifungu cha 112 cha sheria ya makosa ya jinai kina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Mwezi Juni, siku ya Alhamisi, shule huwa na sherehe ya kuwaenzi walimu. Watoto watapiga magoti mbele yako na kukukabidhi maua. Mwafrika wa Mashariki aliyezoea ualimu usio na shukrani anaweza kulengwalengwa na machozi. Kaa wima, pokea kwa mikono miwili.

Chakula hakitakusumbua sana. Kaskazini mashariki wali wa kunata huliwa kwa mkono, na pilipili utaizoea. Mwislamu atafute nembo ya halali yenye umbo la almasi kwenye vyakula vya dukani. Misikiti ipo Bangkok na katika miji mingi. Mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, ina Waislamu wengi na shule zinazohitaji walimu, lakini tangu 2004 kuna mapigano ya waasi huko, na ukiitiwa kazi upande huo chunguza kwanza.

Upweke huja karibu na mwezi wa tatu, shamrashamra za ugeni zikiisha. Thailand iko mbele ya Nairobi kwa saa nne, kwa hiyo ukimaliza kazi jioni nyumbani ndiyo kwanza mchana. Panga siku ya kupiga simu na uishike. Jifunze Kithai cha sokoni mapema iwezekanavyo, maana watoto wakikusikia ukikosea toni mbele yao na kurudia bila haya, nao wataanza kukosea Kiingereza mbele yako.

Ukiamua kuondoka au kuhama shule, toa taarifa kwa maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, na uulize ofisi tarehe hasa watakayofuta kibali cha kazi, kwa sababu ruhusa yako ya kukaa inafungamana nacho. Omba hati ya kodi iliyokatwa kwenye mshahara, inayojulikana kama 50 Tawi, na barua ya utumishi kwenye karatasi ya shule yenye nembo, saini na muhuri, ikitaja madarasa uliyofundisha na tarehe zote kwa kalenda zote mbili. Ichukue mkononi kabla ya siku yako ya mwisho, wakati karani anayeijua kazi yako bado yuko ofisini.